Mti Hula Nini?

Kila kiumbe chenye uhai hula. Ng'ombe hula majani, simba humla ng'ombe, na mwanadamu hula vitu vingi visivyo na idadi. Lakini mti hauna kinywa wala tumbo. Hauendi malishoni wala hauwindi. Husimama pale pale ulipoota, mvua yake na jua lake. Nao ulianza kuwa mbegu iwezayo kupotea katika kiganja cha mtoto, ukaishia kuwa gogo ambalo watu wawili wakiunganisha mikono hawawezi kulikumbatia. Mali yote hiyo ya mbao, matawi, majani na matunda umeipata wapi?

Swali hili ni jepesi kuulizwa, lakini halikuwa jepesi kujibiwa. Lilichukua miaka 300 na zaidi, na waliolijibu walikuwa waganga, wachungaji wa dini na wanakemia wa nchi mbalimbali, ambao wengi wao hawakuonana maishani. Habari zao zastahili kusomwa, kwa maana jibu walilolipata lamhusu kila alaye na kila avutaye pumzi.

Watu wa kale walidhani kuwa mti hula udongo. Aristotle, mwanafalsafa wa Wagiriki, alifundisha kwamba mmea hunyonya kwa mizizi chakula ambacho ardhi imekwisha kukitayarisha. Fikira hii ilikubaliwa kwa muda wa karibu miaka 2000, wala si ajabu, kwa kuwa ilikuwa na sura ya ukweli. Mkulima huona kuwa shamba lililotiwa mbolea huzaa, na lililochoka hunyima. Jambo lililo karibu na ukweli huwa gumu kung'olewa kuliko uongo mtupu.

Mtu wa kwanza kuitia fikira hiyo katika mizani alikuwa Jan Baptist van Helmont, mganga wa Brussels aliyefariki mwaka wa 1644. Alitwaa chungu kikubwa, akatia ndani yake ratli 200 za udongo uliokaushwa katika tanuri, akapanda mche wa mwerebi, mti wa Ulaya upendao kumea kando ya mito. Mche ule ulikuwa na uzito wa ratli 5. Kwa muda wa miaka 5 hakuupa kitu ila maji, akakifunika chungu kwa bati lenye matundu ili vumbi lisiongeze udongo. Mwisho aliung'oa, akaupima, akaona umefika ratli 169 na wakia 3 hivi. Kisha akaukausha udongo na kuupima. Ulikuwa umepungua wakia 2 tu.

Ama udongo, basi, haukuwa chakula cha mti, kwa sababu wakia 2 haziwezi kuzaa ratli 164. Van Helmont akakata shauri kuwa mbao zote zile zilitokana na maji peke yake. Habari hizo zilipigwa chapa mwaka wa 1648, baada ya kufa kwake. Hapa twaona jambo la kutafakari. Kipimo chake kilikuwa safi, lakini hukumu yake haikuwa kamili, kwa kuwa alipima udongo na mti bila kuikumbuka hewa. Na cha ajabu zaidi, ni yeye aliyebuni neno gesi, na ni yeye aliyeonyesha kuwa makaa ratli 62 yakichomwa huacha ratli 1 ya majivu, na yaliyosalia hutoka kama hewa isiyoonekana. Hewa ile ndiyo tuiitayo leo hewa ukaa, nayo ndiyo iliyokuwa ikiulisha mti wake kwa miaka yote mitano. Alikuwa na swali katika mkono mmoja na jibu katika mkono wa pili, asiweze kuikutanisha mikono yake.

Mwaka wa 1727 Mwingereza Stephen Hales aliandika kwamba yamkini majani huvuta sehemu ya chakula kutoka hewani, na kwamba huenda nuru nayo ina kazi. Lakini alikisia tu, hakuthibitisha.

Kuthibitisha kulianzia kwa Joseph Priestley, mchungaji wa kanisa katika mji wa Leeds, Uingereza. Yeye alijua, kama wengine walivyojua, kwamba mshumaa ukifunikwa katika chombo cha kioo huzima baada ya kitambo, na panya akifungiwa humo hufa. Hewa huharibika. Kama ni hivyo, aliuliza, mbona hewa ya dunia haijaharibika yote, ikiwa mioto imewaka na wanyama wamepumua tangu kuumbwa kwa ulimwengu? Lazima kuna kitu kiitengenezacho. Tarehe 17 Agosti 1771 alitia shina la nanaa ndani ya hewa ambamo mshumaa ulikuwa umezimika. Tarehe 27 ya mwezi ule ule alitia mshumaa mwingine katika hewa hiyo, nao ukawaka vizuri. Nanaa, mmea ule tuutiao katika chai, ulikuwa umeisafisha hewa. Rafiki yake Benjamin Franklin wa Marekani alipopata habari alimwandikia akitumaini kwamba watu sasa wataacha pupa ya kukata miti iliyo karibu na nyumba zao.

Walakini furaha hiyo iliingia dosari. Wengine waliojaribu jambo lile lile hawakupata matokeo yale. Wakati mwingine mmea ulisafisha hewa, wakati mwingine uliichafua zaidi. Hata Priestley mwenyewe aliporudia majaribio yake alipata mara hivi, mara vile. Kulikuwa na sharti moja lililofichika, na asiyelijua hakuweza kutabiri jambo litakavyokuwa.

Sharti hilo lilivumbuliwa na Jan Ingenhousz, mganga aliyezaliwa Breda, Uholanzi, mwaka wa 1730, aliyepata sifa kwa kuwachanja ndui watu wa nyumba ya mfalme wa Austria. Katika majira ya joto ya mwaka wa 1779 alikodi nyumba ya shamba karibu na London, akafanya majaribio zaidi ya 500 kwa muda usiotimia miezi mitatu. Alizamisha majani katika maji akayaweka juani, akaona mapovu madogo yakijitunga juu yake. Alipoyaweka gizani, mapovu yakakoma. Akajaribu kama ni joto la jua lifanyalo kazi hiyo, akaona kuwa sivyo. Ni nuru yake. Akajaribu mizizi, maua na matunda, akaona kuwa sehemu za kijani tu ndizo zenye uwezo huo. Akaona tena kwamba usiku mmea wote huchafua hewa kama mnyama, lakini uharibifu huo ni mdogo ukilinganishwa na faida ya mchana. Basi siri ya Priestley ikafunuka. Chombo kilichosimama dirishani na kilichosimama pembeni mwa chumba havikuwa sawa, wala hakuna aliyefikiri kuyaandika mahali kilipowekwa.

Miaka michache baadaye Jean Senebier, mchungaji na mtunza maktaba wa Geneva, alionyesha kwamba majani yaliyozamishwa katika maji yaliyochemshwa hayatoi mapovu, hata jua likiwaka namna gani. Kuchemsha hufukuza hewa ukaa iliyomo majini. Kwa hiyo jani halitoi hewa njema bure. Hutoza hewa ukaa kwanza. Naye Nicolas-Théodore de Saussure, wa mji huo huo wa Geneva, akaingia na mizani yenye usahihi kupita zote zilizotangulia. Katika kitabu alichokitoa mwaka wa 1804 alionyesha kuwa uzito wa kaboni ulioingia mmeani hautoshi kueleza uzito wote ulioongezeka. Ziada yake ilitoka katika maji. Akaonyesha pia kwamba chumvi kidogo za udongoni, ingawa ni chache, mmea hauwezi kukaa bila ya hizo. Hapo van Helmont alipata haki yake na kosa lake kwa pamoja. Maji ni chakula, lakini si peke yake; na zile wakia 2 alizozidharau zilikuwa na thamani kubwa kuliko alivyodhani.

Baada ya hapo elimu ilikwenda kwa hatua ndefu. Mwaka wa 1817 Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, waliitenga rangi ya kijani ya majani wakaiita klorofili. Hao ndio waliotenga pia kwinini mwaka wa 1820, dawa iliyookoa maisha mengi katika nchi za homa ya malaria. Mwaka wa 1845 Mjerumani Robert Mayer, aliyepata kuwa mganga wa meli iliyokwenda Java, alisema neno kubwa: kwamba mmea huitwaa nguvu ya nuru na kuiweka akiba ndani ya mwili wake. Katika miaka ya 1860 Julius von Sachs, Mjerumani pia, alifunika sehemu ya jani na kuiacha sehemu nyingine juani, kisha akalitia jani hilo dawa ya iodini. Sehemu iliyoona jua iligeuka rangi ya kiza, ndiyo dalili ya wanga. Sehemu iliyofunikwa haikugeuka. Jaribio hilo hufanywa hata leo katika shule nyingi, na mwanafunzi alifanyalo hushika kwa mikono yake mwenyewe kitu kilichowashinda wenye hekima kwa karne nyingi.

Sasa twaweza kulisema jambo lenyewe kwa ufupi. Jani huvuta hewa ukaa kwa matundu madogo yasiyoonekana kwa macho, na hupokea maji kutoka mizizini. Klorofili iliyomo ndani yake hunasa nuru ya jua. Kwa nguvu ya nuru hiyo, molekuli 6 za hewa ukaa na 6 za maji huundwa kuwa molekuli 1 ya sukari, na molekuli 6 za oksijeni huachwa ziende zake. Sukari hiyo ndiyo asili ya wanga wa muhogo, mafuta ya nazi, na mbao za mvule. Siku hizi kazi hiyo huitwa usanidinuru, yaani kuunda kwa nuru.

Lakini kujua kazi hufanywaje si kujua hufanywa kwa kasi gani, na mkulima huhitaji kuyajua yote mawili. Kwa nini shamba hili lizae sana na lile lizae kidogo, iwapo jua ni moja? Wanazuoni wa karne ya 19 walipima nuru peke yake, au joto peke yake, wakapata majibu yaliyopingana, kama vile wenzao walivyopingana juu ya nanaa. Alama ya njia iliwekwa katika chuo cha Cambridge na Frederick Frost Blackman, pamoja na mwanamke aliyeshirikiana naye, Gabrielle Matthaei. Mwaka wa 1905 Blackman alitoa kanuni ambayo kila mwanafunzi wa elimu ya mimea huifunza: kazi iliyo na masharti mengi huenda kwa mwendo wa sharti lililo pungufu kuliko yote.

Tuchukue mfano wa watu watatu wapikao chapati za arusi. Mmoja hukanda unga, wa pili husukuma, wa tatu huchoma. Ikiwa chuma cha kuchomea ni kimoja, hata ukileta wakandaji kumi chapati hazitaongezeka. Zitakazoongezeka ni madonge ya unga yanayosubiri. Ukitaka chapati nyingi huna budi kuongeza chuma. Na ukisha kuongeza vyuma vinne, huenda sasa msukumaji ndiye atakayewachelewesha wenzake.

Ndivyo lilivyo jani. Asubuhi na mapema, au chini ya kivuli kizito, nuru ndiyo pungufu. Ukiongeza nuru, kazi huongezeka. Jua linapopanda, hufika mahali ambapo nuru imetosha, na kuizidisha hakuleti faida. Sasa pungufu ni hewa ukaa, ambayo katika hewa yote ni kama sehemu 4 tu katika 10,000. Ndiyo sababu wakulima wengine wenye nyumba za vioo huongeza hewa hiyo makusudi. Huko Naivasha shamba moja la maua limepata kutumia hewa ukaa itokayo pamoja na mvuke wa ardhini, ikaelekezwa kwa mabomba hadi kwenye mawaridi. Joto nalo lina zamu yake. Ndani ya jani mna vimeng'enya viendeshavyo kazi ya kuunda sukari. Kukiwa na baridi huzembea, joto likipanda huchangamka, na likikaribia nyuzi 40 za Selsiasi kazi ya mimea mingi huanza kuharibika. Maji yakipungua, jani hufunga matundu yake ili lisikauke, na kwa kufanya hivyo huufunga pia mlango wa hewa ukaa. Mahindi yanayokunja majani mchana wa kiangazi yamechagua njaa ili yaepuke kiu. Na udongo ukikosa naitrojeni au magnesi, majani hugeuka manjano, kwa sababu klorofili haiwezi kufanyizwa bila ya hizo. Hapo ndipo mbolea ya mkulima ipatapo maana yake. Mmea hauli samadi. Huitumia kutengeneza chombo cha kulia.

Blackman aligundua jambo jingine kutokana na vipimo hivyo. Nuru inapokuwa kidogo, kuongeza joto hakuongezi kazi. Nuru inapokuwa nyingi, joto huiongeza. Maana yake ni kwamba kazi ya jani ina sehemu mbili: moja itegemeayo nuru, na nyingine iliyo kazi ya kikemia tu.

Kuzitambua sehemu hizo mbili kulihitaji karne ya 20. Watu wengi waliamini kuwa oksijeni ya jani hutoka katika hewa ukaa. Mwaka wa 1931 Cornelis van Niel, Mholanzi aliyefanya kazi California, alieleza habari za bakteria ambao hutumia hewa yenye salfa mahali pa maji, nao hutoa salfa, si oksijeni. Akasema kuwa katika mimea nayo oksijeni lazima itoke katika maji. Miaka michache baadaye Robert Hill wa Cambridge alionyesha kwamba vijisehemu vya kijani vilivyotolewa ndani ya jani hutoa oksijeni vikimulikwa, hata hewa ukaa isipokuwapo. Mwaka wa 1941 Samuel Ruben, Martin Kamen na wenzao walitumia maji yenye oksijeni nzito kidogo, inayoweza kutambulikana, nayo ikaonekana katika hewa iliyotoka. Hao wawili ndio waliovumbua mwaka wa 1940 kaboni 14, ambayo hujitangaza kwa mionzi popote iingiapo. Ruben hakuishi kuitumia sana. Mwaka wa 1943 alikufa kwa ajali ya hewa ya sumu katika chumba cha majaribio, akiwa na umri wa miaka 29.

Kazi aliyoiacha iliendelezwa Berkeley, California, na Melvin Calvin, Andrew Benson, James Bassham na wenzao. Walikipa kimea cha majini hewa ukaa yenye kaboni 14, kisha baada ya sekunde chache wakakiua kwa pombe ya moto, ili waone kaboni imefika wapi. Wakaona kuwa kitu cha kwanza kuundwa kina kaboni 3, na kuwa kutoka hapo kaboni huzunguka kama gurudumu mpaka sukari ipatikane. Calvin alipewa tuzo ya Nobel mwaka wa 1961, peke yake, ingawa gurudumu lile lilisukumwa na mikono mingi.

Kisha ikaonekana kuwa si mimea yote ifuatayo njia hiyo tangu mwanzo. Mwaka wa 1965 Hugo Kortschak na wenzake wa Hawaii, na mwaka wa 1966 Hatch na Slack wa Australia, walitangaza kwamba katika muwa kitu cha kwanza kina kaboni 4. Mahindi na mtama ni wa ukoo huo. Kimeng'enya kikamatacho hewa ukaa kina udhaifu mmoja: kukiwa na joto hukosea mara nyingi kikakamata oksijeni, na kazi ikapotea. Muwa, mahindi na mtama hukusanya hewa ukaa kwanza na kuisongamanisha karibu na kimeng'enya hicho, ili kisikosee. Kwa hiyo jua kali linalouchosha mharagwe huufaa mtama. Kahawa, kwa upande wake, asili yake ni mti wa kivulini katika misitu ya Ethiopia, nao hutosheka na nuru ndogo. Mkulima wa Kakamega aliyepanda mahindi marefu na maharagwe chini yake hakusoma kitabu cha Calvin, lakini amegawanya nuru ya jua kwa busara.

Lipo jambo la mwisho, nalo ni la zama zetu. Makaa ya mawe yaliyomo ardhini ni mabaki ya misitu ya kale, yaani ni nuru ya jua iliyozikwa. Na mafuta asili yake ni viumbe wadogo wa bahari walioishi kwa nuru hiyo hiyo. Mwanadamu amevichoma kwa miaka 200 na ushei hata hewa ukaa, iliyokuwa kama sehemu 280 katika milioni kabla ya viwanda, ikavuka sehemu 420 kufikia mwaka wa 2023. Wako wasemao kwamba hakuna hofu, maadamu hewa ukaa ni chakula cha mimea. Kanuni ya Blackman yatosha kuwajibu. Mmea ulionyimwa maji, au uliounguzwa na joto, haushibi kwa kuongezewa hewa. Na ongezeko la hewa hiyo ndilo lizidishalo joto na kuvuruga mvua. Ni sawa na kuleta wakandaji huku unavunja chuma cha kuchomea.

Van Helmont alisahau kuipima hewa, na kosa lake halikumdhuru mtu. Sisi tumekwisha kuipima. Akatae shamba lake au msitu wake leo mtu akijua kwamba anakata kinywa kilacho kwa niaba ya vinywa vyote, na kwamba pumzi aliyoivuta alipoinua shoka ilitengenezwa na jani.